Ndege Ikikwama Mwanzoni mwa Safari: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Anayesafiri kutoka Dar, Nairobi au Entebbe kwenda Ulaya huondoka na ushauri tele kuhusu viza, baridi na bei za huko. Kuhusu siku ndege itakapogoma, anaondoka na maneno ya kuokota kijiweni. Mengi ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomla hela.

“Ndege ikichelewa saa tatu, unalipwa Euro 600.”

Hiyo hela ipo. Inatokana na Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, iliyoweka fidia ya Euro 250, 400 au 600 kwa kufuata umbali. Safari ya Ulaya na Afrika Mashariki inapita kilomita 3,500, kwa hiyo ni ya 600, ingawa ukichelewa kati ya saa tatu na nne wanaruhusiwa kukulipa nusu. Saa zenyewe huhesabiwa kwa muda uliofika mwisho wa safari, si muda ulioondoka.

Lakini kanuni hiyo inauliza kwanza: umeruka kutoka wapi, na kwa ndege ya nani? Ukiondokea kiwanja cha Umoja wa Ulaya, shirika lolote linabanwa. Ukiondokea Dar kwenda nchi ya Umoja huo, linabanwa shirika la Umoja wa Ulaya tu. Aliyetoka Dar kwenda Frankfurt kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai kwa shirika la huko, akakwama katikati, asiihesabu hiyo 600. Ajabu ni kwamba wakati wa kurudi, kwa shirika lilelile, inamhusu.

“Wakisema hali ya hewa au ubovu wa ndege, huna cha kudai.”

Haya ni mawili tofauti, ila kaunta huyachanganya. Hali mbaya ya hewa inaweza kuwaondolea fidia. Hitilafu ya kawaida ya kiufundi haiwaondolei. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua hivyo mwaka 2008. Na hata fidia ikifutika, chakula na malazi havifutiki: baada ya majivu ya volkano ya Iceland kufunga anga mwaka 2010, mahakama hiyohiyo ilisema mwaka 2013 kwamba wajibu wa kumtunza abiria unabaki palepale. Kwa hiyo omba sababu ya kuchelewa kwa maandishi. Jibu la mdomo la saa nane usiku hakuna atakayelikumbuka.

“Tiketi mbili za bei nafuu zinafanya kazi ileile ya tiketi moja.”

Zinafanya, mpaka ya kwanza ichelewe. Ukiwa na tiketi moja yenye miguu miwili, yaani ndege mbili za kuunganisha, kukupeleka hadi mwisho ni kazi ya shirika, na ukiikosa ndege ya pili kwa sababu yao, wanakutafutia nyingine bila malipo. Ukinunua mbili mbalimbali, shirika la pili linakuona mtu ambaye hakutokea, basi. Mvua ya Dubai ya tarehe 16 Aprili 2024, ambayo haikuwa na mfano tangu kumbukumbu zianze kuwekwa huko mwaka 1949, ilivuruga ratiba kwa siku kadhaa. Katika vurugu za namna hiyo, mwenye tiketi mbili anajinunulia nauli upya. Muulize wakala wako kabla ya kulipa, na usikubali jibu la “usijali”.

“Ndege yoyote watakayokupa, wewe panda.”

Hili silisikii likizungumzwa vya kutosha. Kwa mwenye pasipoti yetu, njia mpya inaweza kuwa mtego. Wakikupitisha London, Uingereza inawataka Watanzania, Wakenya na Waganda wawe na viza hata ya kupita tu, isipokuwa wachache wenye vibali fulani. Wakikupitisha viwanja viwili vya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa mfululizo, tuseme Amsterdam kisha Paris, kisheria umeingia Schengen na viza inahitajika hata kama unakwenda Kanada. Mkongo wa DRC hudaiwa viza ya kupita hata kwenye kiwanja kimoja cha Schengen. Mhudumu mwenye foleni ya watu mia hatakuwazia hayo. Mwambie wewe.

“Begi halikuja, nitapiga simu kesho nikishapumzika.”

Hapa ndipo tunapoumia zaidi. Mkanda wa mizigo umesimama, wenyeji wako nje wanapiga simu mbona hutoki, na mbele ya kaunta ya mizigo kuna foleni ya watu waliokunja uso. Kaa kwenye hiyo foleni. Ukitoka bila ripoti yenye namba, kesho utabaki kujieleza kwamba hukulichukua. Watataka kile kikaratasi cha begi ulichopewa pamoja na pasi ya kupandia, kisha watakuonyesha chati ya rangi na maumbo. Ukisema “jeusi, la magurudumu”, umetaja nusu ya mabegi ya kiwanja kizima. Taja kilichomo: kilo mbili za dagaa, kitenge cha zambarau. Begi lililong'oka lebo likifunguliwa huko lilikobaki, dagaa watalitambulisha upesi.

Kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal, wa kimataifa kuhusu abiria na mizigo ya ndege, ambao Tanzania na Kenya zimo, begi lililoharibika linadaiwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na lililochelewa ndani ya siku 21. Lisipoonekana kwa siku 21, unaweza kulidai kama lililopotea. Kiwango cha juu tangu 28 Desemba 2024 ni 1,519 kwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), takriban dola 2,000, na hulipwi kiasi hicho kwa kusema tu kwamba begi lilikuwa zuri. Risiti za mswaki, shati na soksi ulizonunua siku hiyo zitunze.

“Nikiikosa ndege ya Nairobi, nitaiwahi ile ya kule mbele.”

Mara nyingi usipotokea mguu wa kwanza, tiketi yote inafutwa, ya kurudi ikiwamo. Ukiona foleni ya Mandela Road pale Dar haisogei, piga simu kabla ndege haijaruka.