Si Kila Duara ni Yavuyavu

Ni mara ya tatu mwezi huu kuoneshwa picha ileile kwenye simu, na safari hii ilinikuta Raskazone, Tanga, nimekaa nikingoja maji yakupwe. Kijana mmoja wa sekondari, mwenye adabu zake, alinipa shikamoo, akanifungulia picha ya jiwe la mchanga lenye duara ndani ya duara, kisha akanieleza, bila ya kuniuliza, kwamba hilo ni yavuyavu la kwanza duniani na kwamba viumbe wote wa zama zile za Ediakara, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, walikuwa mayavuyavu. Nilimjibu kwa upole. Upole wenyewe ulikwisha kabla sijafika nyumbani, na ndiyo sababu ya maandishi haya.

Kosa hili lina asili inayoeleweka. Mwaka 1946 mwanajiolojia Reginald Sprigg alikuta alama za namna hiyo katika vilima vya Ediacara, Australia Kusini, na mwaka uliofuata akazieleza kuwa ni mayavuyavu. Baada yake mtaalamu mwenzake Martin Glaessner aliendelea kuvigawa visukuku hivyo, yaani alama na mabaki ya viumbe wa kale maweni, katika faila za leo, ndiyo makundi makuu ya wanyama: hiki akakiweka kwa anelidi (minyoo ya pingili), kile kwa jamaa wa matumbawe laini, kingine kwa arithropoda (jamaa wa wadudu na kaa). Walikuwa watu makini, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wale wanaonakili hukumu ya mwaka 1947 kana kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyeinua nyundo. Kipindi chenyewe, kilichopewa rasmi jina la Ediakara mwaka 2004, kilianza miaka milioni 635 iliyopita na kikakoma kama miaka milioni 539 iliyopita. (Wanaoniuliza kama tutavipata visukuku vyake katika mapango ya Amboni, hapa Tanga, wapunguze matumaini: chokaa ile ni ya kipindi cha Jura, changa kwa zaidi ya miaka milioni 300.)

Tuanze na hilo duara, maana ndilo linalonikera. Litazame yavuyavu lililotupwa ufukweni asubuhi, kisha urudi alasiri; utakuta ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, imenata mchangani, na ukiipitishia kidole inakatika. Hapo hapo, hatua chache juu ya mstari wa maji, tafuta unyasi uliopindwa na upepo hadi ncha yake ikagusa chini. Kusi likivuma na kugeukageuka, ncha ile huchora duara safi, na nyasi ikiwa na majani mawili ya urefu tofauti utapata duara ndani ya duara, lililokamilika kuliko lolote litakaloachwa na yavuyavu. Mfano huu sikuubuni kwa ajili ya kumtania mtu. Kisukuku kiitwacho Kullingia kilihesabiwa kwa miaka mingi katika jamaa za yavuyavu, hadi mwaka 2002 ilipooneshwa kwamba ni mikwaruzo ya kiumbe aliyeshikizwa chini akazungushwa na mkondo. Duara hilo halikuwa mwili wa mtu yeyote.

Maduara mengine ni nanga. Katika msitu wa Charnwood, Uingereza, na kwenye miamba ya Mistaken Point huko Newfoundland, Kanada, utaona kiumbe mwenye umbo la jani la mnazi amesimama juu ya kitako cha mviringo kilichomshikiza kwenye sakafu ya bahari. Jani likichukuliwa na mkondo, kitako hubaki peke yake, naye mtafiti akikiokota hukipa jina na cheo cha yavuyavu. Beltanelliformis nayo, ambayo kwa sura ungeiapia, ilipimwa mabaki ya mafuta yake mwaka 2018 ikaonekana kuwa ni makundi ya sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga. Kwa hiyo tuna mkwaruzo, nanga na bakteria, vyote vikiwa duara. Sisemi kwamba ukoo wa yavuyavu haukuwapo. Mwaka 2022 kilielezwa kisukuku cha Charnwood kiitwacho Auroralumina ambacho huenda ni cha ukoo huo, lakini huyo alikuwa na umbo la vikombe viwili vyenye minyiri, amejishikiza chini, wala hakuwa duara lililolala mchangani.

Namna miili laini ilivyohifadhika ndani ya mchanga nitaipitia upesi: sakafu ya bahari ilifunikwa na utando wa bakteria, mchanga au majivu ya volkano yakamfunika kiumbe ghafla, na utando ukagandisha umbo lake kabla hajaoza.

Swali la pili ninaloulizwa ni kama walikuwa wanyama au mimea, kana kwamba duniani kuna milango miwili tu. Mimea tuiondoe mapema, kwa sababu viumbe wa Mistaken Point waliishi kwenye kina kisichofikiwa na mwanga. Mtaalamu wa visukuku Adolf Seilacher, katika miaka ya 1980, aliona kwamba wengi wao wameshonwa vyumba vyumba kama godoro, akawatoa kabisa katika himaya ya wanyama na kuwapa kundi lao wenyewe. Mtafiti mwingine, Gregory Retallack, akasema ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja, waliokuwa nchi kavu. Hoja hiyo sikubaliani nayo, lakini ilitulazimisha kuyatazama upya mawe tuliyodhani tunayajua. Mwaka 2021 yeye na wenzake walitangaza kwamba wameona Dickinsonia, kiumbe bapa wa Ediakara mwenye umbo la yai lenye mistari, katika pango la Bhimbetka, India. Mwaka 2023 wengine wakaonesha kwamba ilikuwa mabaki ya sega la nyuki yaliyoganda ukutani, naye akakubali kosa hadharani. Wanaomcheka wajiulize wangapi wetu tungekubali.

Kabla ya hapo, mwaka 2018, mtafiti Ilya Bobrovskiy na wenzake walichukua Dickinsonia kutoka Bahari Nyeupe, Urusi, zilizobakiwa na utando mwembamba wa mata ogani, wakakuta mabaki ya kolesteroli, mafuta ya wanyama, kwa wingi, ilhali mawe yaliyozizunguka yalikuwa na alama za mwani wa kijani. Kuvumwani wangeacha ergosteroli, mafuta ya kuvu. Kwa Dickinsonia, basi, naandika mnyama bila ya kusita.

Ila mnyama yupi? Hapa ndipo watu wanapokata tamaa na mimi, kwa sababu hutaka faila na mimi huwapa ukoo. Chukua ukoo wenye nyumba tano zilizobaki Pangani leo. Kaka yake babu mkuu, aliyekufa bila ya kizazi, ni wa ukoo huo, lakini ukimlazimisha awe wa nyumba mojawapo kati ya hizo tano utakuwa umezua nasaba, maana aliishi kabla nyumba hazijagawanyika. Viumbe wa namna hiyo tunawaita wa shina. Huenda wengi wa Ediakara ni wa shina, na anayewabandika jina la faila ya leo anafanya lilelile la kuzua nasaba.

Nami nina mashaka yangu. Dickinsonia haioneshi kinywa wala utumbo ambao sote tungekubaliana juu yake, na wataalamu wanabishana iwapo vipande vya kushoto na kulia vinakutana sawasawa au vinapishana kama meno ya zipu. Nimetazama picha zilezile miaka mingi, na jibu langu hubadilika kwa jinsi mwanga ulivyopigwa. Tena kolesteroli ya Dickinsonia inamtolea ushahidi Dickinsonia peke yake. Haimhusu Pteridinium wa Namibia, mwenye mabawa matatu yaliyoungana kwenye mshono mmoja na mchanga uliojaa ndani yake, ambaye hatukuachiwa utando wowote wa kupima. Ninayo nakala yake ya plasta mezani. Chini yake niliandika kwa penseli "mnyama", nikafuta, nikaandika tena na alama ya kuuliza, na juzi, baada ya kumjibu kijana wa Raskazone kwa uhakika ule wote, nilifuta hata hiyo.