Kituo Umekijua, Nyumba Je?

Juzi mwanafunzi wangu alikuja na mchoro kwenye kompyuta, uso umemchanua: "Dokta, jeni tumeipata!" Nikamwambia amepata kituo cha daladala. Nyumba bado.

Tunapopekua jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu, tunalinganisha herufi za DNA sehemu mamilioni, kwa watu wengi, tukiuliza zipi zinaandamana na ugonjwa. Ukiuliza maswali mengi hivyo, bahati nasibu lazima ikudanganye, ndiyo maana hatuamini kitu mpaka thamani ya p, kipimo cha uwezekano wa bahati tupu kutoa matokeo kama hayo, ishuke chini ya 0.00000005. Lakini herufi jirani hurithiwa kwa mafungu. Zikishuka kumi kituo kimoja, mhusika ni ipi?

Wengi hukimbilia jeni iliyo karibu. Hapo ndipo jeni ya FTO ilipotuponza: ilihusishwa na unene mwaka 2007, kumbe swichi iliyo ndani yake, kipande cha DNA kinachowasha na kuzima jeni, inaongoza IRX3 na IRX5, jeni za mbali kabisa. Ni kama swichi ya sebuleni kwako kuwasha taa ya jirani.

Mfano ninaoupenda zaidi uko hapahapa Dar. Wapo wagonjwa wa selimundu, sikoseli kama wengi tunavyoita, ambao ukubwani bado wana himoglobini nyingi ya mtoto wa tumboni, na hao huumwa kidogo. Utafiti wa wagonjwa wa hospitali ya Muhimbili uliochapishwa 2014 ulionyesha maeneo yaleyale yaliyoonekana Ulaya: jeni ya BCL11A kwenye kromosomu ya 2, na eneo la kati ya jeni HBS1L na MYB kwenye ya 6.

Kwenye BCL11A, herufi zenyewe hazigusi protini hata kidogo. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa zimekaa kwenye swichi inayofanya kazi katika ukoo wa chembe nyekundu. Herufi moja hulegeza mshiko wa GATA1, protini inayoshika swichi hiyo na kuiwasha, BCL11A inapungua, na himoglobini ya utotoni, ambayo BCL11A huinyamazisha, inapata nafasi. Casgevy, tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, hukata swichi hiyohiyo katika chembe za mgonjwa mwenyewe.

Bahati yetu ni kwamba mafungu ya DNA ya Waafrika ni mafupi, hivyo orodha ya washukiwa hupungua haraka. Kinachonikera ni kwamba data nyingi bado ni za Wazungu.

Mwanafunzi sasa anakagua washukiwa wake: nani kati yao yuko kwenye DNA iliyo wazi, yaani iliyofunguka ili itumike, ndani ya chembe zinazozaa damu? Kichwa cha mchoro wake amekifuta, badala ya "jeni" ameandika "eneo".