Je, wajua kwa nini Kisumu hakuna mifupa ya dinosaria, na kuku wa nyumbani anahusikaje?

Mwalimu akibandika picha ya dinosaria ukutani, swali la kwanza huwa lile lile: "Mwalimu, hawa waliishi hapa kwetu?" Wengi hujibu haraka kwamba wale ni wanyama wa Marekani, kisha wanafungua ukurasa unaofuata. Mimi naona hapo ndipo kipindi kizuri kuliko vyote kinapopotea. Jibu la kweli ni kwamba hakuna sababu ya kudhani hawakuishi hapa. Kinachokosekana ni mawe ambayo yangetunza mifupa yao.

Tuanze na mawe basi. Nenda Kit Mikayi kule Seme, uyatazame yale majabali yaliyopandana. Ni graniti, jiwe lililopoa polepole chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita. Wakati huo dunia nzima haikuwa na kiumbe chenye mfupa. Juu ya mawe ya kale kama hayo, katika sehemu nyingi za Nyanza, kinachofuata ni majivu na lava ya volkeno zilizolipuka miaka milioni 20 hivi iliyopita. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo jiwe moja ni kongwe mno na jingine ni changa mno, na kati yao hakuna kitu. Ni kama daftari la mahudhurio lililochanwa kurasa za muhula mzima: huwezi kusema wanafunzi hawakufika shuleni.

Nani alichana kurasa hizo? Mvua. Mtoto wa Ahero anaelewa jambo hili kuliko mtoto wa mahali pengine popote. Mto Nyando huchukua udongo kutoka milimani upande wa Nandi na kuumwaga Uwanda wa Kano. Ng'ombe akifa Kano wakati wa mafuriko, mifupa yake inaweza kufunikwa na tope na kubaki. Akifa juu mlimani, mifupa hukaa wazi, ikapasuliwa na jua, ikaguguniwa na fisi, mwisho mvua ikaisomba vipande vipande. Kisukuku, yaani mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhika ndani ya jiwe, huhitaji mahali panapopokea udongo. Zama za dinosaria, eneo letu lilikuwa likipoteza udongo.

Mahali palipopokea udongo zama hizo, mifupa ipo. Hapa Kenya imepatikana kaskazini kabisa, Turkana, kwenye milima ya Lapurr. Tanzania kuna kilima cha Tendaguru, karibu na Lindi, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa kwa mikono ya mamia ya wafanyakazi Waafrika. Mizigo ilibebwa vichwani hadi bandarini. Kiongozi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake linastahili kutajwa darasani kila dinosaria anapotajwa. Mmoja wa wanyama hao, Giraffatitan wa miaka milioni 150 iliyopita, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Sasa, tarakimu hizi zote humpita mtoto masikioni. Milioni 20 na milioni 150 kwake ni kitu kimoja: "zamani sana". Dawa yake ni kamba na uwanja wa mpira. Kata kamba ya manila, kila mita moja iwe miaka milioni moja, kisha funga mwisho wake kwenye mlingoti wa goli. Mlingoti huo ndio leo. Binadamu wa aina yetu anaanza sentimita 30 tu kutoka hapo. Ziwa Victoria lenyewe, ambalo watoto hudhani limekuwapo tangu kuumbwa kwa ulimwengu, lina kama sentimita 40. Nyayanga, kule Homa Bay, palipopatikana zana za mawe na mifupa ya kiboko yenye alama za kukatwa, ni kati ya mita mbili na nusu na mita tatu. Visukuku vya kisiwa cha Rusinga, ziwani humo, ni mita 18. Vya Songhor na Koru, upande wa Muhoroni, mita 19 au 20. Dinosaria wa mwisho wanafika mita 66, ng'ambo ya mstari wa kati. Giraffatitan haingii uwanjani: mtoto atakayemwakilisha itabidi atoke nje, pengine hadi barabarani. Na graniti ya Kit Mikayi itahitaji kamba ya zaidi ya kilomita mbili, hiyo sasa ni safari ya bodaboda.

Uhuru wa mwaka 1963 uko wapi kwenye kamba hiyo? Ni kama unene wa unywele mmoja. Waache watoto watafute unywele wenyewe.

Mtoto akisimama pale kwenye alama ya mita 18 ataona jambo ambalo picha ya ukutani haiwezi kumwonyesha. Kati yake na dinosaria wa mwisho pamebaki mita 48. Hakuna mtu aliyewahi kumkimbia dinosaria. Ataona pia kwamba Rusinga ilikuwa na wanyama wake kabla ziwa halijakuwapo. Hakikuwa kisiwa. Palikuwa ubavuni mwa volkeno inayoitwa Kisingiri, na mahali pengine palikuwa msitu mnene. Visiki na mizizi ya miti ya msitu huo bado vipo, vimegeuka mawe.

Hapo ndipo linapokuja swali ninalolipenda kuliko yote. Msituni mifupa huoza upesi, na udongo wa msitu mara nyingi una asidi inayoila. Vipi basi Rusinga imetunza mifupa, matunda, mbegu, hata wadudu?

Usijibu. Leta mifupa ya kuku.

Chukua mifupa miwili ya paja baada ya chakula cha jioni, isafishe, mmoja uutie ndani ya mtungi wa siki na mwingine ndani ya maji matupu. Funika, uache siku nne au tano, ukibadilisha siki mara moja. Ukiutoa, mfupa wa siki utapinda kama mpira. Asidi imeyeyusha madini ya kalsiamu yanayoupa ugumu, ikaacha nyuzi laini. Ule wa maji uko vile vile. Sasa darasa limeona kwa macho yake udongo wenye asidi unavyoufanya mfupa, na linaweza kuulizwa: ni nini kingezuia asidi hiyo? Mkulima yeyote wa Kakamega au Siaya aliyeambiwa shamba lake lina asidi anajua jibu, kwa sababu alishauriwa amwage chokaa. Kisingiri ilifanya kazi hiyo. Majivu yake hayakuwa majivu ya kawaida ya volkeno. Yalikuwa yamejaa kaboneti ya kalsiamu, jamii moja na chokaa ya mkulima. Yaliwafunika viumbe, yakazima asidi, yakagandamana na kuwa jiwe. Mtoto aliyeushika mfupa ule uliolainika hatahitaji kukariri hayo.

Na usiutupe mfupa wa pili, maana una siri yake. Ndege wametokana na dinosaria wadogo waliotembea kwa miguu miwili, na wataalamu wa leo huwahesabu ndege kuwa tawi la dinosaria lililosalia. Mtazame jogoo anavyokanyaga tope asubuhi: vidole vitatu vikielekea mbele, kama nyayo za dinosaria wala nyama zilizobaki kwenye mawe. Ule mfupa wenye umbo la V kifuani mwa kuku, Tyrannosaurus, dinosaria mkubwa mla nyama, alikuwa nao pia. Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo linabadilika kidogo. Dinosaria wa kale hatujawapata Kisumu, lakini jamaa zao wanadonoa mahindi uani.

Kutoka kwa kuku turudi Rusinga. Tarehe 2 Oktoba 1948, Mary Leakey, mtafiti wa visukuku, aliona huko vipande vya fuvu la mnyama aliyefanana na sokwe. Kwa miaka mingi aliitwa Proconsul. Mwaka 2015 mnyama huyo na jamii yake ya Rusinga walipewa jina jipya, Ekembo, neno la Kisuba. Jina lake la pili, heseloni, linamkumbuka Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba pamoja na akina Leakey kwa miongo mingi. Mtoto wa Mbita akisikia lugha ya nyanya yake ndani ya jina la kisayansi, sayansi inaacha kuwa mgeni.

Ukisema mbele ya darasa kwamba Ekembo hakuwa na mkia, ngoja kidogo. Kama hakuna anayeuliza "Umejuaje?", uliza wewe. Hilo ndilo swali ambalo visukuku hulifundisha vizuri kuliko kitu kingine chochote. Kila mtoto wa Kisumu amewahi kumwona tumbili na mkia wake mrefu. Mkia huo una neva, na neva hupita ndani ya mfereji wa uti wa mgongo. Kwa mnyama mwenye mkia, mfereji huo bado ni mpana unapofika mwisho wa mfupa wa uti wa mgongo ulio kati ya nyonga. Kwa Ekembo unazidi kuwa mwembamba hadi unakaribia kufunga. Mkia haukupatikana kwa sababu haukuwapo, na ushahidi ni tundu dogo la mfupa. Darasa lililoelewa hili limeelewa kupima dai kwa ushahidi, na litaendelea kulipima hata kwenye somo la umeme au magonjwa.

Sehemu nyingine ya mifupa ya Ekembo ilichimbwa mwaka 1951 na Tom Whitworth, ndani ya kitu alichodhani ni shimo la kawaida kwenye mwamba. Baadhi ya vipande vilihifadhiwa Nairobi bila kutambuliwa ni vya nani. Karibu miaka 30 baadaye, Alan Walker na Martin Pickford walipekua mikusanyo ya makumbusho, wakavitambua na kuviunganisha na mifupa ile. Waliporudi Rusinga wakagundua pia kwamba lile "shimo" lilikuwa shina la mti lenye uwazi ndani, lililogeuka jiwe.

Kisa cha Simbakubwa, mnyama mwingine wa kale, kinafanana na hicho. Mifupa yake ilichimbwa Meswa Bridge, si mbali na Muhoroni, ikakaa kabatini miongo kadhaa. Mwaka 2019 Matthew Borths na Nancy Stevens walimtangaza kwa jina ambalo halihitaji mkalimani: Simbakubwa kutokaafrika. Hakuwa simba hasa, bali wa ukoo wa wala nyama uliotoweka kabisa. Aliishi miaka milioni 22 hivi iliyopita, na kwa kupima taya na meno yake, wataalamu walikadiria alimzidi ukubwa dubu wa ncha ya kaskazini. Mpe mwanafunzi jino la mbwa, la mbuzi na la ng'ombe bila kumwambia ni la nani, umwulize kila mmoja alikula nini. Kazi aliyofanya Borths ilianza na swali hilo hilo.

Lipo swali moja ambalo mwalimu hawezi kulikwepa, hasa mbele ya watoto waliolelewa kanisani na walio na haki ya kuuliza: hiyo miaka milioni 18 imehesabiwaje? Kaboni, ambayo hupima umri wa mabaki ya viumbe wa karibuni zaidi, haifai hapa. Nusu ya kaboni nururishi, yaani ile inayogeuka yenyewe kuwa kitu kingine, huisha kila miaka 5,730, na baada ya miaka 50,000 hivi karibu hakuna kinachobaki cha kupima. Rusinga hupimwa kwa potasiamu iliyo ndani ya fuwele za majivu. Sehemu ndogo ya potasiamu ni nururishi na hugeuka polepole mno, nusu yake kwa kila miaka bilioni 1.25, na kiasi fulani chake huwa gesi ya agoni. Lava ikiwa moto, agoni hutoroka. Ikiganda, agoni hunaswa ndani, na saa imeanza kuhesabu kutoka sifuri.

Vifuniko 100 vya soda vinatosha kueleza haya. Virushe mezani, ondoa vyote vilivyolala chali, hesabu vilivyobaki, urudie. Vitabaki 50 hivi, kisha 25, kisha 12 au 13. Huwezi kusema kifuniko kipi kitaondoka, ila unajua karibu vingapi vitabaki. Sasa mwanafunzi mmoja ageuke, wenzake warushe mara kadhaa, kisha aambiwe idadi iliyobaki peke yake. Atakisia ni mara ngapi wamerusha, na mara nyingi atapatia. Anachokifanya ndicho kinachofanywa na mtaalamu mbele ya jiwe la Rusinga.

Mkiwapeleka watoto Rusinga au Koru, kuna siku mmoja wao ataona mfupa uliochomoza kwenye korongo baada ya mvua. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda visukuku, hivyo hachimbi wala habebi. Tena umri wa mfupa husomwa kwenye tabaka la majivu lililo juu na chini yake. Ukiuokota, umeutenga na saa yake. Aweke kalamu kando ya mfupa ili ukubwa uonekane, mwalimu apige picha moja ya karibu na nyingine inayoonyesha korongo lote, anakili mahali simu inapoonyesha, kisha apeleke habari Makumbusho ya Kisumu. Kalamu arudi nayo.