Maji Meupe Siyo Jibu, Ndugu Yangu

"Fundi, samaki niliowanunua juzi wamejibana pembeni, wawili wanapumulia juu. Niwatilie dawa gani? Maji ya tangi hayana tatizo, ni meupe pe."

Ujumbe wa namna hii unanijia kutoka Mbezi, Tabata, Kigamboni, na sentensi ile ya mwisho haikosekani. Nikiuliza amonia, ile sumu inayotoka kwa samaki wenyewe, ni ngapi majini, kimya. Baadaye: "Fundi, si nimekwambia maji ni masafi?"

Weupe wa maji unakwambia hakuna uchafu wala mwani unaoelea. Basi. Amonia haina rangi, nitriti haina rangi, klorini ya kiasi cha kuua samaki huioni. Na kuna watu wanaloweka majani makavu ya mkungu tangini, maji yanakuwa rangi ya chai, na samaki wao aina ya beta wananawiri.

Mzunguko mnaujua: samaki anatoa amonia, zaidi kupitia matamvua anayopumulia, bakteria wa kwenye filta wanaigeuza nitriti, wengine wanaigeuza nitrati. Tangi jipya huhitaji kama wiki 4 hadi 6 bakteria hao watoshe. Tangi la zamani nalo ukiliongezea samaki wengi kwa mkupuo linaweza kuzidiwa.

Sasa linaloniudhi zaidi. Hata wenye vipimo huniambia, "Amonia ni 0.5 tu, jirani anayo hiyohiyo na samaki wake wazima." Vipimo vingi vya dukani vinatoa jumla ya aina mbili: amonia yenyewe, ambayo ni sumu kali, na amoniamu, ambayo ina nafuu kubwa. Mgawanyo wake unategemea joto na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji: namba ikipanda, uasidi umepungua. Kwenye nyuzi 28, pH ikiwa 7, ile sumu haifiki asilimia 1 ya jumla. pH ikiwa 8, inapita asilimia 6. Jirani anatumia maji ya bomba, wewe unavuta ya kisima yenye pH ya juu: namba moja, hatari mbili. Kwa hiyo mtu akinitajia amonia bila pH na joto, bado hajanijibu.

Hapohapo ndipo inapoingia habari ya mfuko wa kusafirishia samaki. Samaki aliyesafiri saa nyingi, tuseme kutoka Kigoma, amekuwa akitoa amonia na kabonidayoksaidi humo ndani. Hiyo kabonidayoksaidi imeshusha pH, na ndiyo iliyomlinda. Ukifungua mfuko inatoroka, pH inapanda, amonia inaanza kuunguza matamvua. Halafu mtu anakaa saa mbili akidondoshea maji kidogo kidogo eti "azoee". Aliyesafiri hivyo sawazisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, fungua, mtoe kwa wavu, maji ya mfuko mwaga. Aliyetoka duka la mtaa wa pili hana haja ya haraka hiyo.

Mengine kwa kifupi. Kupumulia juu kunaweza kuwa joto tu: maji ya nyuzi 30 hubeba takriban miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 20 hubeba kama 9, na Dar ya Februari mnaijua. Umeme ukikatika, pampu ya hewa imezima. Nitriti nayo huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, hata kama majini imejaa. Maji ya bomba yaache siku moja kwenye ndoo wazi klorini itoke. Simtanki lenye mfuniko si ndoo wazi. Sponji ya filta isuuze kwa maji ya tangi. Na tetrasaiklini ya binadamu, ile dawa ya kuua bakteria, iacheni kwenye kabati! Inaweza kuua bakteria haohao mnaowategemea.

Ukikuta amonia au nitriti, badilisha theluthi hadi nusu ya maji, simamisha chakula kwa siku moja au mbili, pima tena.

Vipimo vya matone navyo si msahafu. Kati ya 0 na 0.25 kwenye ile kadi ya rangi, mimi siwezi kuapa, na chini ya taa ya njano ndiyo kabisa. Somea dirishani mchana. Na zipo siku kila namba ni nzuri, samaki bado kajificha nyuma ya jiwe na sijui kwa nini. Pengine ni woga wa safari, pengine kaja na ugonjwa kutoka dukani. Kwa kumtazama tu sitofautishi. Hapo simpi dawa. Namzimia taa, naongeza hewa, kesho asubuhi napima tena kabla ya kumlisha.