Eti zamani kitabu kilikuwa hakiguswi

Kwenye meza za vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam, husikika ushauri huu: chukua chapa ya zamani, hizi mpya zimechezewa. Inadhaniwa kwamba kubadili maneno ya vitabu kumeanza juzi.

Sivyo. Mwaka 1807 Uingereza ilipata Shakespeare wa kusomwa mbele ya watoto, maneno machafu yameondolewa. Mhariri alikuwa Harriet Bowdler, ingawa sifa na lawama zote alibeba kaka yake, Thomas. Huku kwetu, Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ilipitia vitabu vya shule ili Kiswahili chake kifuate Kiunguja.

Cha kuuliza ni nani kagusa, na je, msomaji kaambiwa? Roald Dahl, mwandishi Mwingereza wa vitabu vya watoto, aliwabadilisha mwenyewe Oompa-Loompa wake, vijitu wanaofanya kazi kiwandani katika Charlie and the Chocolate Factory, mwanzoni mwa miaka ya 1970; awali walikuwa Waafrika. Hapo sina neno. Lakini mabadiliko ya maneno katika vitabu vyake yaliyojulikana 2023 yalifanywa zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake, na ni baada ya kelele kuzuka ndipo mchapishaji alipoahidi kuendelea kuuza matini ya awali. Ahadi hiyo ilitakiwa itangulie.