Enhydriodon: fisi maji aliyekuwa mkubwa kama simba

Fisi maji si fisi. Ni ndugu wa nyegere na kicheche, na ukifika Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, unaweza kumwona yule mwenye madoa shingoni akizamia samaki. Enhydriodon ni jina la kundi la jamaa zake waliotoweka zamani.

Kinachowatambulisha ni magego: mapana, yenye vinundu vya mviringo, ya kuponda vitu vigumu kuliko kukata nyama. Meno ya namna hiyo humfanya mtu awaze mara moja kombe, kaa na kambale. Basi wakafikiriwa kuwa ni wanyama wa majini tu, ila wakubwa.

Mwaka 2022 timu ya Camille Grohé, mtafiti wa wanyama wa kale, ilitangaza spishi mpya, Enhydriodon omoensis, kutoka bonde la chini la Omo, Ethiopia, mto uleule unaoingia Ziwa Turkana. Aliishi kati ya miaka milioni 3.5 na 2.5 iliyopita, zama za akina Australopithecus, jamaa wa kale wa binadamu. Uzito wake ulikadiriwa kupita kilo 200. Fisi maji wa baharini, mzito kuliko wote walio hai leo, hufika kilo 45 hivi.

Uzito huo ndio uliovuma, lakini kwangu mimi utamu uko kwenye jino. Gamba gumu la jino hutunza alama za oksijeni na kaboni kutokana na maji aliyokunywa mnyama na chakula alichokula. Anayeshinda majini, kama kiboko, huwa na alama ya oksijeni tofauti na ya wanyama wa nchi kavu. Ya fisi maji wa Omo haikufanana na ya kiboko. Na ile ya kaboni ilionyesha kwamba alikula mawindo ya nchi kavu ya aina nyingi, kama simba na fisi wa wakati ule. Pengine mizoga pia. Kumbe katika jina lake la Kiswahili, neno "fisi" lingemfaa kuliko "maji"!

Dalili zilikuwapo tangu awali. Mwaka 2008 mifupa ya miguu ya Sivaonyx beyi, jamaa yake wa Chad aliyeishi miaka milioni 7 hivi iliyopita, ilionyesha mtembeaji wa ardhini asiye na umbile la kuogelea. Mla samaki halisi wa enzi za Pliosini (takriban miaka milioni 5.3 hadi 2.6 iliyopita) alikuwa mwingine, mdogo zaidi: Torolutra ougandensis, aliyepewa jina la Uganda.