Sindano isiyo na dawa na bega la fundi cherehani

Swali la kwanza ninaloulizwa mgonjwa akiiona sindano ni hili: "Daktari, humo mna dawa gani?" Namjibu hamna. Watu wengi hapa Tanga wameizoea sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa hiyo wasiwasi wao nauelewa. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na sindano ninayotumia haina tundu. Ni chuma chembamba cha milimita 0.25 au 0.30, wakati ile ya kuchomea dawa kwenye msuli hufika 0.8. Kinachotibu ni mchomo wenyewe, ukipatiwa mahali pake.

Mahali pake ni kwenye fundo. Papasa msuli uliokaza, utakuta ukamba mgumu, na ndani yake sehemu moja ambayo mtu ukimgandamiza hapo anaguna. Tena maumivu yake hayatulii pale pale, yanasafiri. Mwaka 1938 John Kellgren, huko London, alichapisha kazi yake ya kuwachoma watu maji ya chumvi kali kwenye misuli ili aone maumivu yanaelekea wapi. Baadaye Janet Travell, daktari wa Rais Kennedy wa Marekani, alichora ramani za msuli mmoja mmoja.

Ramani hizo nakutana nazo kwa mafundi cherehani wa Ngamiani, hapa hapa mjini. Kutwa wameinama, mabega yamepanda. Fundi anakuja akilalamikia kichwa, upande mmoja, kuanzia nyuma ya sikio hadi kwenye panja. Keshapima malaria, keshapima presha, panadoli kameza mpaka kachoka. Nikiubana msuli ulio kati ya shingo na bega, anapiga kelele: "Hapo hapo! Ndicho hicho kichwa chenyewe!"

Sindano ikiligusa fundo, msuli hujirusha mara moja, kama samaki aliyeguswa mkia. Usiogope. Hiyo ni ishara kwamba nimepafikia, ingawa hata usiporuka unaweza kupata nafuu. Kesho yake sehemu hiyo itauma kama mwili uliolima, siku moja au mbili, kisha inaachia.

Karel Lewit wa Prague ndiye aliyeandika mwaka 1979, baada ya kuwatibu wagonjwa 241, kwamba sindano tupu nayo hutuliza maumivu. Yeye hakuwa na kundi la kulinganisha, yaani wagonjwa wasiopata tiba hiyo. Tafiti zilizokuja na makundi hayo zinaonyesha nafuu ipo, lakini zaidi ni ya muda mfupi. Mimi naliamini hilo kabisa, na ndiyo maana simruhusu mtu aondoke na sindano peke yake. Siku zile bega limelegea ndipo mazoezi yanapowezekana. Namfungia fundi tyubu ya baiskeli mlangoni, kitu kisichokosekana Tanga, avute viwiko nyuma asubuhi na jioni. Kiti cha cherehani kiinuliwe, na kila akimaliza nguo asimame. Asiyetaka hayo, nasikitika kumchoma, kwa sababu nitamwona tena na fundo lile lile.

Wengine huuliza kama hii ni hijama. Siyo; hijama hutoa damu, mimi tone likitokea nalifuta kwa pamba. Sindano zangu zinafanana na za Wachina, ila wao hufuata njia za nguvu mwilini, mimi nafuata msuli.

Kabla hujachomwa, sema kama unatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kama una ujauzito, kama una kidonda au uvimbe mahali hapo, au kama sindano hukuzimisha. Uje umekula, mwezi wa Ramadhani napenda watu waje baada ya futari, maana mwenye njaa huzimia upesi. Sindano ifunguliwe mbele yako kutoka kwenye pakiti yake na itupwe ikishatumika, kwani homa ya ini na VVU hupitia hapo.

Ninapoogopa zaidi ni juu ya mabega na kwenye mbavu, kwa kuwa pafu liko karibu. Ni nadra kutobolewa, lakini hutokea, na dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa. Ukichomwa maeneo hayo, kisha kifua kikauma au pumzi ikawa fupi, nenda hospitali ya Bombo usiku huo huo. Usisubiri kuche, na uwaambie ulichomwa wapi.